Kujaza maganda ya risasi mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye silaha anayoimiliki kihalali, anayepiga shabaha au kuwinda, ambaye ameanza kuokota maganda yake badala ya kuyaacha chini. Hapa hutakuta jedwali la vipimo vya baruti. Vipimo hutoka kwenye kitabu cha mwongozo cha kampuni iliyotengeneza baruti au kichwa unachotumia, na si mahali pengine popote. Tumeweka yale ambayo vitabu hivyo hudhani unayajua tayari.

Risasi ina nini ndani, na ni kipi kinachotumika tena?

Ina vitu vinne. Kuna ganda, mara nyingi la shaba ya njano, kuna fataki, kile kikombe kidogo kilichopachikwa kitakoni, kuna baruti, na kuna kichwa, kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Pini ya bunduki inapogonga fataki, mwali unapenya tundu la moto na kuwasha baruti. Gesi inalitanua ganda mpaka linabana kuta za chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, huku kichwa kikisukumwa mtutuni. Hapo fataki, baruti na kichwa vimekwisha kazi. Ganda limebaki, limetanuka kidogo na kushika masizi, na mara nyingi ndilo lililogharimu zaidi. Kujaza upya ni kulirudisha kwenye kipimo chake, kisha kuliwekea vile vitatu vipya.

Sheria inaruhusu?

Inategemea nchi. Kuna nchi ambako mtu ananunua vifaa vyote bila kibali cha ziada, kuna ambako fataki na baruti zina leseni yake na kiwango cha juu cha kuweka nyumbani, na kuna ambako kazi hii ni kosa la jinai. Leseni ya kumiliki bunduki haimaanishi leseni ya kujaza risasi. Uliza mamlaka inayotoa leseni za silaha kabla ya kununua hata presi, mashine ya mkono inayofanya kazi hii, na ukipata jibu, lipate kwa maandishi. Kuuza risasi ulizojaza ni suala jingine kabisa: karibu kila mahali linahitaji leseni ya mtengenezaji.

Nitaokoa hela?

Piga hesabu mwenyewe. Chukua bei ya kichwa kimoja, jumlisha fataki moja, jumlisha baruti ya raundi moja (risasi moja nzima), kisha jumlisha bei ya ganda ukiigawa kwa idadi ya mara unazotarajia kulitumia. Baruti hupimwa kwa greni: greni moja ni gramu 0.0648, na kilo moja ina greni 15,432. Raifali inayokula greni 40 itatoa raundi kama 385 kwa kilo. Bastola inayokula greni 5 itatoa zaidi ya 3,000.

Kwa kaliba zinazotengenezwa kwa wingi kama 9 mm, tofauti na risasi za dukani ni ndogo, na gharama ya vifaa huchukua muda mrefu kurudi. Faida inaonekana kwenye raifali za kuwindia, kaliba adimu, na risasi za mashindano. Ukweli ni kwamba wengi wanaoanza kwa ajili ya kuokoa hawaokoi chochote. Wanapiga risasi nyingi zaidi kwa hela ileile. Kinachowabakiza ni kwamba risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mtutu mmoja mara nyingi hulenga vizuri kuliko ya kiwandani, iliyotengenezwa iingie kwenye kila mtutu.

Ni hatari kiasi gani?

Anayefuata kitabu na kuangalia anachofanya hana sababu ya kuhofia. Anayefanya kazi huku runinga inawaka na simu inaita, anayo. Ajali kubwa karibu zote zinatokana na makosa matatu: baruti kuwekwa mara mbili kwenye ganda moja, ganda kukosa baruti, na baruti isiyo sahihi kuingia kwenye kipimio, chombo cha kupimia na kumimina baruti. Yote matatu hutokea mtu anapokatizwa katikati ya kazi. Ukiitwa, maliza ganda ulilonalo mkononi kwanza. Kama huwezi, rudisha baruti yote koponi na uanze upya ukirudi.

Nahitaji vifaa gani kuanza?

Kitabu cha mwongozo kwanza, vikiwa viwili ni bora zaidi. Kisisome kama kamusi. Soma sura za mwanzo zote kabla ya kugusa chochote. Baada ya hapo: presi, seti ya dai (kalibu za chuma zinazofungwa kwenye presi) za kaliba yako, kishika ganda kinacholingana na kitako cha ganda hilo, mizani inayosoma hadi greni 0.1, kalipa ya kupimia urefu, faneli ya baruti, trei ya mbao au plastiki yenye matundu ya kusimamishia maganda 50, kifaa cha kupachikia fataki (presi nyingi huja nacho), mafuta ya kulainishia maganda, kifaa cha kupunguza urefu wa ganda, kikwaruzo cha mdomo wa ganda, na nyundo ya kutolea vichwa kwa ajili ya makosa, maana yatakuwepo. Miwani ya kujikinga si ya hiari.

Dai nyingi za leo zina hesi ya inchi 7/8 yenye nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo dai za kampuni moja huingia kwenye presi ya nyingine. Kishika ganda ndicho cha kuangalia namba yake, kwa sababu kila kampuni ina namba zake.

Usibane senti kwenye mizani. Presi ya bei rahisi itakuchosha mkono tu, lakini mizani inayoyumba itakudanganya kuhusu kitu pekee kisichosamehe. Iweke mbali na feni, dirisha lililo wazi na simu. Ya umeme iache ipate joto kwa dakika kadhaa, kisha ijaribu kwa jiwe la mizani lenye uzito unaojulikana, mwanzoni na tena mwishoni mwa kazi.

Presi ya aina gani?

Ya hatua moja. Inashika dai moja tu, kwa hiyo unapitisha maganda yote kwenye hatua ya kwanza, unabadilisha dai, unapitisha yote kwenye ya pili. Ni polepole, raundi 50 kwa saa ni mwendo mzuri wa anayeanza. Presi zinazozunguka, zile ambazo kila ukivuta mkono risasi moja inakamilika, hutoa mamia kwa saa, lakini mambo manne au matano yanatokea kwa mpigo mmoja na mgeni hawezi kuyaangalia yote. Presi ya hatua moja haitatupwa hata ukinunua kubwa baadaye. Bado utaitumia kwa kazi ndogo ndogo.

Ganda gani linafaa?

Tazama ndani kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati ya kitako, hilo ni la mfumo wa Boxer, na pini ya dai itatoa fataki bila shida. Ukiona matundu mawili madogo pembeni, hilo ni la Berdan. Pini itagonga shaba ngumu na kuvunjika. Mifumo yote miwili ni ya miaka ya 1860, na ajabu yake ni kwamba Hiram Berdan alikuwa Mmarekani na Edward Boxer Mwingereza, ilhali Boxer ndio uliotawala Marekani na Berdan ukashika sana Ulaya.

Maganda ya chuma na ya alumini yaache. Risasi ambazo pini inagonga ukingo wa kitako badala ya katikati, kama .22 LR, hazijazwi upya, kwa kuwa dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wenyewe.

Maganda ya kijeshi yana jambo lake: fataki yake imebanwa kwa duara la shaba lililopondwa. Ya kwanza itatoka, lakini mpya haitaingia mpaka duara hilo liondolewe kwa kifaa cha kukwangua au cha kusukuma. Ukihisi fataki inagoma kuingia, simama uangalie. Usilazimishe.

Nayakagua vipi?

Moja moja, mkononi, penye mwanga. Tupa lenye ufa mdomoni au shingoni, lenye kutu ya kijani iliyokula shaba, lenye kishimo cha fataki kilicholegea. Mbonyeo mdogo ubavuni utanyooka wenyewe ukipiga. Mkunjo wenye kona kali hautanyooka.

Kwa maganda ya raifali kuna jambo moja la kutafuta kuliko yote. Ganda lililonyooshwa mara nyingi huwa jembamba mahali fulani juu kidogo ya kitako, na siku moja hukatika hapo vipande viwili ndani ya chemba, gesi ikarudi upande wa mpigaji. Kabla ya kukatika huonyesha mstari unaong'aa kuzunguka ganda. Chukua waya mwembamba kama wa kubania karatasi, unyooshe, kunja ncha yake milimita mbili, ingiza ndani na ukwaruze ukuta kutoka kitakoni kwenda juu. Ncha ikidumbukia kwenye mfereji, ganda limekwisha, na yale mengine ya kundi lake yana mashaka.

Lazima nisafishe?

Masizi peke yake si tatizo, mchanga ndio tatizo, kwa sababu utaikwaruza dai na kila ganda linalofuata. Kuna wanaotumia mashine inayotikisa maganda ndani ya magunzi ya mahindi au maganda ya jozi (walnut) yaliyosagwa, na wapo wanaoyaosha kwa maji, sabuni na pini ndogo za chuma kisichoshika kutu. Njia ya maji hutoa ganda jipya machoni na haina vumbi, ila yakauke kabisa kabla ya kuweka fataki. Yaache hewani kwa siku moja au mbili.

Hatua zenyewe ni zipi?

1. Kagua na usafishe kama ilivyoelezwa.
2. Paka mafuta ya kulainishia kwa vidole, kidogo sana, kwenye mwili wa ganda. Begani, pale ganda linapoanza kusinyaa kuelekea shingoni, usipake, mafuta yakibanwa hapo yanaacha mibonyeo. Dai za kabidi (metali ngumu sana) za bastola zenye ganda lililonyooka hazihitaji mafuta.
3. Pitisha ganda kwenye dai ya kubania. Hatua hii inalirudisha kwenye kipimo na kusukuma nje fataki iliyokufa kwa mpigo mmoja.
4. Futa mafuta, pima urefu, punguza kama umezidi, kisha kwaruza mdomo ndani na nje uondoe ncha kali.
5. Kwangua masizi kwenye kishimo cha fataki.
6. Kwa ganda la bastola lililonyooka, fungua mdomo kidogo kwa dai ya kupanulia, kiasi cha kichwa kukaa chenyewe bila kuanguka.
7. Pachika fataki mpya, ukipitisha kidole kitakoni kila mara.
8. Weka baruti. Maganda yote yasimame kwenye trei, kisha mulika ndani ya kila moja.
9. Pachika kichwa kwa kina kilichoandikwa.
10. Kunja mdomo wa ganda pale tu inapohitajika.
11. Pima urefu wa risasi nzima, futa, weka kwenye boksi, bandika karatasi.

Karatasi hiyo iandikwe tarehe, ganda na mara ngapi limetumika, jina kamili la fataki, jina kamili la baruti na uzito wake, kichwa na uzito wake, na urefu wa risasi. Boksi lisilo na karatasi baada ya miezi sita ni boksi la kubomoa.

Ganda limenikwamia ndani ya dai. Nifanyeje?

Hukupaka mafuta ya kutosha, au ulipaka kundi zima kwa haraka ukaruka moja. Ukiendelea kuvuta, ukingo wa kitako utang'oka na ganda libaki ndani. Kuna kifaa maalumu: unatoboa kitako, unachonga hesi, unafunga bolti na kulivuta nje. Kinunue pamoja na dai zako, utakihitaji siku ya Jumapili usiku. Kabla ya kugoma kabisa, ganda huwa limeanza kukaza mkono wa presi. Hapo ndipo pa kusimama, kulirudisha nje na kuongeza mafuta.

Dai ya kubania niifunge kwa kina gani?

Maelekezo ya dai yatakuambia uiteremshe mpaka iguse kishika ganda. Inafanya kazi, ila mara nyingi inasukuma bega la ganda nyuma kupita kiasi, ganda linapata nafasi ya kucheza ndani ya chemba, na kila mpigo unalinyoosha tena. Hicho ndicho chanzo kikuu cha ule mstari unaong'aa. Ukiwa na kipimo cha bega, pima ganda lililotoka kwenye bunduki yako, kisha teremsha dai kidogo kidogo mpaka bega lirudi nyuma milimita 0.03 hadi 0.05 kwa bunduki ya bolti, inayokokiwa kwa mkono, au 0.08 hadi 0.13 kwa bunduki inayojikoki yenyewe, ambayo inahitaji ganda liingie bila kusita.

Kwa nini ganda linarefuka, na lina ubaya gani?

Shaba hutambaa kuelekea mdomoni kila unapopiga na kila unapobana. Ganda likizidi urefu, mdomo wake hugonga mwisho wa chemba na kubanwa juu ya kichwa, kichwa hakiachiwi kwa urahisi, na presha inapanda ghafla. Ganda la .308 Winchester lisizidi milimita 51.18, likifika hapo lipunguze hadi kama 50.9. La .223 Remington mwisho wake ni 44.70, na hupunguzwa hadi 44.45. Ya 9 mm karibu hakuna anayeyapunguza, hayarefuki vya kutosha.

Fataki zina tofauti gani?

Ukubwa ni aina mbili, ndogo yenye kipenyo cha inchi 0.175 na kubwa ya inchi 0.210, na kila ukubwa una ya bastola na ya raifali. Ya raifali ina kikombe kinene zaidi na mwali mkali zaidi. Fataki kubwa ya raifali pia ni ndefu kuliko ya bastola, kwa hiyo haitazama vizuri kwenye kishimo cha bastola. Za magnum, yaani za risasi zenye nguvu kubwa, zina moto zaidi, kwa baruti ngumu kuwaka. Tumia ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Ukibadilisha, shusha baruti hadi kipimo cha kuanzia na upande upya.

Fataki iliyokaa sawasawa iko chini ya uso wa kitako kwa milimita 0.08 hadi 0.13. Ukipitisha kidole unahisi shimo dogo. Ikisimama juu, kwenye bunduki ya bolti huenda isiwake kwa mpigo wa kwanza, kwa kuwa nguvu ya pini inaishia kuisukuma ndani. Kwenye bunduki inayojikoki yenyewe inaweza kuwaka bolti inapofunga, hujagusa kifyatulio. Iliyojitokeza usiigonge iingie baada ya baruti na kichwa kuwa ndani. Ibomoe risasi hiyo.

Usizishike kwa vidole vyenye mafuta, na usizimimine kwenye chupa. Fataki zikiwa pamoja kwenye chombo kimoja, moja ikilipuka zinafuata zote. Boksi lake la kiwandani limezitenganisha kwa sababu hiyo.

Naanza na baruti kiasi gani?

Kitabu kinatoa kipimo cha kuanzia na kipimo cha juu. Anzia cha chini. Kama kimeandikwa cha juu peke yake, punguza asilimia 10. Jaza raundi tano, piga, angalia maganda, kisha panda: greni 0.3 hadi 0.5 kwa kaliba ya ukubwa wa .308, greni 0.1 hadi 0.2 kwa bastola. Ukipata kipimo kinacholenga vizuri, simama hapo. Hakuna tuzo ya kufika juu.

Kushuka chini ya kipimo cha kuanzia pia si salama. Kichwa kinaweza kukwama mtutuni, na kuna baruti za polepole za bastola za magnum ambazo watengenezaji wake wanakataza kabisa kupunguzwa zaidi ya asilimia chache.

Viwango vya juu vya presha vimewekwa na taasisi mbili za viwango vya risasi: SAAMI kwa Marekani, iliyoanzishwa 1926, na CIP kwa Ulaya, iliyoanzishwa 1914. Kwa SAAMI, .308 Winchester imewekewa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 62,000, .223 Remington psi 55,000, na 9 mm psi 35,000. Hivyo ndivyo vipimo ambavyo kitabu chako kinakulinda usivivuke. Maabara ina vifaa vya kuvisoma, wewe huna.

Baruti iliyoandikwa sina, lakini ninayo yenye jina karibu sawa. Itafaa?

Haifai. IMR 4831 na H4831 zina namba moja na si baruti moja. H4831 huwaka polepole zaidi, kwa hiyo kipimo chake kikijazwa kwa IMR 4831 kinaweza kuvuka kikomo. Ndivyo ilivyo kwa IMR 4350 na H4350. Rangi na umbo la punje havikuambii chochote. Usichanganye baruti mbili, usiongeze iliyobaki kwenye kopo jipya la aina nyingine, na mezani pawe na kopo moja tu. Baruti iliyoachwa ndani ya kipimio usiku kucha bila jina ni ya kutupwa, hata kama unadhani unaikumbuka.

Bunduki iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi haipewi baruti isiyo na moshi, hii ya kisasa, hata chembe.

Nitajuaje kwamba hakuna ganda tupu wala lililojazwa mara mbili?

Kwa raifali, baruti mara nyingi inajaza ganda hadi karibu na shingo, kwa hiyo ukiweka mara mbili inamwagika mezani. Bastola ndiyo yenye mtego: kipimo cha baruti ya haraka kinaweza kukaa chini ya nusu ya ganda, na cha pili kinaingia bila kelele. Dawa ni ile tochi juu ya trei. Maganda 50 yaliyosimama pamoja yanaonyesha kina kimoja, na lililozidi au lililopungua linajitokeza lenyewe. Ukilitilia shaka, limwage upime. Zaidi ya hapo, jenga mazoea haya: ganda tupu linasimama kichwa chini upande wa kushoto, likijazwa linahamia kulia likiwa limesimama wima. Ukiweza kuchagua, chagua baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda.

Ukiwa uwanjani ukasikia mlio hafifu, au bunduki ikarudi nyuma kwa unyonge, usikoki tena. Toa magazini, fungua, hakikisha chemba ni tupu, upitishe ufito mtutuni. Huenda kichwa kimekwama humo, na risasi inayofuata ndiyo inayopasua mtutu.

Kichwa kikae kwa kina gani, na mdomo ukunjwe?

Fuata urefu wa risasi nzima ulioandikwa kwa kichwa hicho hasa. Urefu wa juu wa .308 Winchester ni milimita 71.37, wa 9 mm ni 29.69, lakini vichwa vina maumbo tofauti, na urefu sahihi mara nyingi ni mfupi kuliko huo. Kukizamisha sana kunapunguza nafasi ya ndani, na kwenye ganda dogo kama la 9 mm milimita moja inapandisha presha sana. Kukiacha nje mpaka kiguse mifereji ya mtutu pia kunaipandisha.

Tengeneza kwanza risasi moja isiyo na fataki wala baruti, uidondoshe kwenye mtutu uliotolewa kwenye bastola. Iingie kwa uzito wake na itoke ukiugeuza. Risasi hiyo ihifadhi. Dai zikilegea utazirekebisha kwa kuifuata.

Kuhusu mdomo: 9 mm husimama ndani ya chemba kwa mdomo wa ganda, kwa hiyo unaondoa tu ule upana ulioongeza kwenye hatua ya sita. Ukiukunja ndani, risasi inazama kupita mahali pake. Rivolva za .38 Special na .357 Magnum ni kinyume chake: mdomo unakunjwa ndani ya mfereji wa kichwa, la sivyo mtikisiko unavitoa vichwa vya risasi zinazongoja zamu mpaka silinda ikagoma kuzunguka. Raifali ya bolti yenye shingo inayobana vizuri kwa kawaida haihitaji chochote.

Dalili za presha kupita kiasi ni zipi?

Fataki iliyolala bapa mpaka kona zake zimepotea, alama ya duara ya kitoa ganda iliyochapwa kitakoni, bolti nzito kuinuka, kishimo cha fataki kinacholegea baada ya kupiga mara moja au mbili. Ukiona mojawapo, siku hiyo umemaliza, yaliyobaki yabomolewe. Shida ni kwamba dalili hizi huchelewa. Kwenye bastola zinaweza zisionekane kabisa mpaka mambo yameharibika. Kifaa cha kupimia mwendo wa kichwa kinasaidia zaidi: mwendo ukizidi ule ulioandikwa kwa kipimo cha juu, na mtutu wako una urefu uleule, presha nayo imezidi, hata kama fataki inaonekana nzuri. Joto pia linahesabika. Risasi iliyo salama asubuhi ya baridi inaweza kuvuka mstari ikiachwa ndani ya gari juani.

Ganda moja linajazwa mara ngapi?

La bastola ya presha ndogo, mara kumi, ishirini na zaidi, mpaka mdomo upasuke. La raifali, mara tano hadi kumi ni makadirio ya kawaida. Ukipiga vipimo vya juu yanapungua. Weka maganda kwa makundi yaliyoanza pamoja ili hesabu iwe moja.

Baruti na fataki nizihifadhi wapi?

Pakavu, pasipo joto, mbali na moto, mbali na watoto, kila kimoja kando na kingine, ndani ya vyombo vyake vya kiwandani. Usifungie baruti kwenye kasha zito la chuma lisilopumua. Ikiwaka ndani yake, kasha linageuka bomu. Baruti nzuri ina harufu hafifu ya kemikali kama ya spiriti. Ikinuka uchachu mkali, au ukaona vumbi la rangi ya kutu, imeoza. Ifuatie maelekezo ya mtengenezaji ya kuitupa. Iliyomwagika zoa kwa brashi, kamwe si kwa mashine ya kufyonza vumbi.

Na afya?

Fataki nyingi zina kampaundi ya madini ya risasi, na masizi yake yapo ndani ya kila ganda lililopigwa. Sumu hiyo huingia kwa mkono kwenda mdomoni na kwa vumbi. Usile wala kunywa wala kuvuta sigara mezani, nawa kwa sabuni na maji baridi ukimaliza, na mashine ya kutikisa maganda iwe nje au penye hewa. Kuchuja punje zake ndani ya nyumba ndiko kosa la kawaida kabisa. Mtoto mdogo asikae chumba hicho, na asiwe na sababu ya kutambaa kwenye sakafu yake.

Nimepewa boksi la risasi alizojaza mtu mwingine. Nizipige?

Hapana, hata kama unamwamini. Karatasi ya boksi inasema alichokusudia kuweka, na bunduki aliyoipimia si yako. Zibomoe kwa nyundo ya kutolea vichwa, miwani usoni: funga risasi ndani yake, piga kwenye gogo mara mbili tatu, kichwa na baruti vinabaki ndani ya mpini. Vichwa unaweza kuvitumia baada ya kuvipima uzito. Baruti tupa, kwa kuwa huna namna ya kuitambua. Maganda yenye fataki hai unaweza kuyatumia kama unajua fataki ni ya aina gani. Kama hujui, yapige matupu kwenye bunduki uwanjani, mtutu ukielekea shabahani na masikio yamezibwa, ndipo uyapitishe kwenye dai ya kubania kama maganda mengine.